Maji Mafu na Maji Makuu

Juzi mchuuzi mmoja wa kamba kutoka Mbuchi aliniwekea pakacha mlangoni, akaenda zake kutafuta chenji kwa jirani. Kamba wa huko hufunikwa mwani mbichi ili wasiharibike njiani, na mwani ule ulikuwa bado unachuruzika. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele. Harufu ilinifikia kabla sijalitazama pakacha lenyewe: chumvi, tope, na kitu kingine kinachokaribia kuoza lakini hakijaoza. Ungo ukaniponyoka. Wajukuu wakadhani nimeshikwa na kizunguzungu, wakaniletea maji kwenye bilauri, nikayakataa, wakanishangaa. Uzee una faida yake, mtu hakulazimishi kujieleza. Lakini nyinyi wa rika langu, mliokuwa wadogo wakati wa vita vile, hamtahitaji kuelezwa sana. Kila mmoja wetu ana harufu yake. Yangu ndiyo hiyo, na nimechoka kuibeba peke yangu.

Kwetu hakukuwa pwani. Tulikaa upande wa Mchukwi, tukilima mpunga bondeni na mtama juu. Mama alikuwa mtu wa Salale, mto unapoingia baharini, mtoto wa wakata mikoko, na Baba alimwoa alipokwenda huko kuuza mpunga. Mama Mdogo alikuwa Mndengereko wa pale pale kijijini. Baba alimwoa baadaye, awe mke wa pili, na kijiji kilimpenda zaidi kwa kuwa ni wao. Yeye na Mama hawakuwa wakigombana. Ingekuwa heri wangegombana, wakamaliza. Walipishana uani kila mmoja akitazama upande wake, na maneno yao waliyapitisha kwangu. Mwambie mama yako chumvi imekwisha. Mwambie mama yako mdogo chumvi ipo pale pale ilipo. Mimi nilikwenda na kurudi, na chumvi yenyewe ilikuwa katikati ya ua, kila mmoja wetu anaiona.

Mwaka ule wanaume walikuwa wamechoshwa na shamba la pamba. Waliondoka asubuhi kwenda kulima pasipo malipo, wakarudi jioni na migongo iliyochanwa na kiboko. Siku moja Baba akatoka na wenzake kwenda huko juu ya mto kwa mganga, na aliporudi alikuwa na kipande cha mwanzi shingoni, kimezibwa kwa nta. Nikamwuliza ndani mna nini.

“Maji,” akasema.

“Ya nini?”

“Ya vita. Mdachi akipiga risasi, inageuka maji.”

Nilikuwa katika umri ambao mtoto huchukua neno kama lilivyo. Niliamini kwamba maji ndiyo yanayopigana. Na wakubwa wenyewe walinisaidia kuamini, maana hivyo ndivyo walivyosema wakikaa barazani: Maji yamefika ng'ambo ya mto. Maji yamechoma nyumba ya akida. Maji yamepita huku jana. Nilitazama mtungi wetu jikoni kwa heshima kubwa, nikawa nanywa polepole nisije nikameza mpiganaji. Baba alipoondoka alijifunga majani ya mtama kichwani, akawaita wake zake wawili mbele ya mlango. “Kaeni pamoja,” aliwaambia. Hakusema zaidi ya hayo. Mama akaangalia chini, Mama Mdogo akamweka sawa mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa Zena, bado ananyonya.

Askari walipokuja walichoma ghala kwanza, nyumba baadaye. Mpunga ukiungua hunukia wali, na ninasema kweli, kilichonijia siku ile porini tulikojificha kilikuwa njaa, si hofu. Mama Mdogo alikuwa analia bila sauti, amemziba Zena mdomo kwa titi.

“Twende kwetu,” Mama akasema.

“Kwenu wapi? Kwenye tope?”

“Kwenye tope. Mdachi hana mguu wa kuingia tope.”

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyopata kuyasikia yakitoka kwa mmoja wao kwenda kwa mwingine bila kunipitia.

Salale kwenyewe hakukuingilika. Askari walikuwa wamepiga kambi pale na kukikalia kisima cha mji. Kaka yake Mama, Mjomba wangu, alitungoja mahali mto unapogawanyika, akatupakia katika mtumbwi wake wa kubebea boriti, akatupitisha kwenye vijito vilivyojificha hata nikaacha kujua mbingu iko wapi. Alitushusha kwenye kisiwa cha mchanga, kidogo, kimeinuka katikati ya mikoko. Wakata boriti walikuwa wakilala hapo zamani. Akatuachia mitungi miwili na unga kidogo, akasema atakuja akipata nafasi. Kuanzia hapo siku zikawa moja tu ndefu. Mbu, tope, kungoja maji yatoke, kungoja maji yaingie. Watu husimulia vita kwa mishale na bunduki. Vita ninavyovijua mimi ni uchovu, kuamka umechoka na kulala umechoka, na mama zako wamekuwa vizee katika msimu mmoja.

Maji yakipwa tulishuka kutafuta kaa na chaza, na hapo ndipo Mama aliponifundisha mwani. Nadhani alifundisha ili asikie sauti yake mwenyewe. Alisema mwani una makabila yake. Wa kijani hukaa juu, mahali jua linapofika. Una majani mapana laini, ukiutazama mwangani unauona mkono wako upande wa pili. Wa kahawia hukaa chini yake, mgumu, unateleza, na una vipovu vya hewa vinavyoufanya uelee bahari ikijaa. Mwekundu ndio wa mwisho, unapenda kiza. Ule unaoshika mizizi ya mikoko huonekana mweusi mpaka uunyanyue juu ndipo damu yake ionekane, na ukiuacha juani unapauka kama nguo iliyofuliwa sana. Tena yako mambo mengine ambayo macho hayaoni kuwa ni mwani: ile ngozi ya rangi ya asali inayotanda juu ya tope maji yakitoka. “Na ile ngozi ni mwani?” nikauliza. “Ile pia,” Mama akasema. “Huo ni mdogo mpaka haushikiki. Kamba wanaula, sisi tunawala kamba.”

Mimi nilikuwa na akili zangu. Kama maji yanapigana, basi haya makabila ndiyo majeshi. Wa kijani ni wetu, maana Baba aliondoka na majani kichwani. Wa kahawia ni askari, kwa sababu nguo zao ni za rangi hiyo. Mwekundu sikuutia upande wowote, niliuogopa. Nikawa nashuka na kuukanyaga mwani wa kahawia ule wenye vipovu, vinapasuka chini ya kisigino changu, pa, pa, na mimi nahesabu askari walioanguka. Mama alinipiga kofi la mgongo. Alidhani nacheza, na mlio ulikuwa unasafiri juu ya maji.

Lakini chakula hakikuwa shida yetu kubwa. Shida ilikuwa maji ya kunywa. Mitungi ilipokwisha, tulikwenda kwenye madimbwi mawili ya mvua yaliyokuwa upande wa juu wa kisiwa. La kwanza lilikuwa zuri kulitazama. Uso wake wote ulikuwa laini, rangi ya kijani inayoelekea samawati, utadhani mtu amemwaga nili. Mama akapiga magoti na kata yake. Yeye alizaliwa kwenye chumvi, maji ya kusimama hakuyajua. Mama Mdogo akamshika mkono.

“Bi Mkubwa, hilo waachie Wadachi.”

“Ni mwani tu.”

“Ngoja n'kuonyeshe.”

Akachukua kijiti, akakichovya, akakiinua. Kilitoka kimepakwa rangi kote, lakini hakuna kilichoning'inia. Akasema kule kwao mabwawani mtoto hufundishwa hilo kabla ya kuogelea: utando unaoshikika kwenye kijiti kama nywele, hauna neno, uondoe unywe; ule unaopaka kijiti rangi, usiuguse. Mbwa akinywa hafiki nyumbani. Kisha akatupeleka kwenye dimbwi la pili, ambalo lilikuwa limejaa kitu cha kijani kilichosimama chini ya maji, kina vijiti na vitawi, kigumu kidogo, na alipokivunja kilinuka kitunguu saumu. “Hiki hakioti penye uchafu,” akasema.

“Hicho si mwani,” Mama akasema. Alikuwa ameumia kidogo, nilimwona. “Hicho ni mmea. Kimesimama.”

“Tazama kama una mzizi,” Mama Mdogo akasema.

Mama akaung'oa. Ulikuja bila kushika chochote. Akaugeuza, akatafuta ua, akatafuta mbegu, akaukwaruza kwa ukucha akakuta una chokaa. Halafu akaurudisha majini.

“Hauna mzizi, hauna ua,” akasema. “Basi ni mwani. Mwani wenu.”

“Wetu na wenu,” Mama Mdogo akasema, na akamchotea kata ya kwanza.

Tulikunywa maji yale yenye harufu ya saumu kwa muda mrefu. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamenyooka sasa: dimbwi la nili ni la Wadachi, la saumu ni la Baba. Maziwa ya Mama Mdogo, yaliyokuwa yamepungua, yakarudi kidogo, na Zena akaacha ule mlio wake mwembamba uliokuwa ukitukata maini sote. Kila asubuhi Mama Mdogo alikwenda kulitazama dimbwi lile kabla ya kunawa uso. Dimbwi likiwa na maji, Zena ananyonya. Hesabu yetu ilikuwa hiyo tu.

Mwezi ulipokuwa nusu, Mjomba akaja. Siku zile bahari ilikuwa imelala, haijai sana wala haipwi sana, na mtumbwi wake ulikwama mbali, akaja kwa miguu ndani ya tope. Hakunisalimu. Aliwaita Mama na Mama Mdogo pembeni, wakachuchumaa. Nilimsikia akisema maneno mawili matatu, na neno nililolishika lilikuwa “maji,” na lingine “amekufa.” Sasa najua alileta habari gani. Baba alikuwa amepigwa risasi mbele ya boma, na mwanzi wake shingoni. Wakati ule niliona tu Mama akiweka kiganja chini kama mtu anayetaka kuinuka na ardhi imekataa.

Nikamwendea. “Mama, maji yamekufa?”

Alinitazama sana. Kilio kisingewezekana pale, askari walikuwa wanapita na mashua kwenye mto mkubwa, na mimi nikilia sinyamazi, alinijua. Akachukua njia iliyokuwa wazi mbele yake. Nyinyi wa pwani mnajua kwamba bahari isipokuwa na nguvu tunaita maji mafu, na ikipanda kwa nguvu tunaita maji makuu. Akaniambia, “Ndiyo, mwanangu. Ni maji mafu. Ni mwezi tu. Yatarudi.”

“Yatarudi makubwa?”

“Yatarudi makuu.”

Hakunidanganya hata neno moja. Nilikwenda kucheza. Wao walijifunika kaniki zao vichwani wakakaa, na jioni ile walitandika jamvi moja, wakalala mgongo kwa mgongo na Zena katikati. Eda ya wake wawili ilikaliwa hivyo, bila matanga, bila uji, bila mtu wa kuwaambia poleni. Huruma niliyonayo kwao leo sikuwa nayo siku ile. Nilifurahi tu kwamba sitatumwa tena kupeleka maneno.

Mwezi ukazidi kunenepa. Ndipo nilipomsikia Mama akimwambia mwenzake, amesimama anatazama alama ya tope kwenye magogo ya mikoko, “Maji makuu yanakuja. Na mwaka huu yatapanda.”

“Mpaka dimbwini?”

“Yakisukumwa na upepo, mpaka dimbwini.”

Nikaruka. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena maishani, hata harusini kwangu. Maji makuu yanakuja. Baba anakuja, na jeshi lote la kijani, na yatapita Salale na kuwazamisha askari kisimani kwao. Wakubwa sikuwaelewa kabisa. Habari njema imefika, na wao wanachimba tope kama watu wanaozika. Walijenga tuta kuzunguka dimbwi, chumvi isiingie: safu ya tope, safu ya mwani wa kulishika, safu ya tope tena, na fito zimechomekwa pembeni. Nikaambiwa nilete mwani. Nilileta wa kijani tu.

“Huo mwepesi, haushiki,” Mama akasema. “Lete wa kahawia.”

“Siuleti. Huo ni wa Wadachi.”

Mama Mdogo alinyanyua uso wenye tope akanitazama, halafu akamtazama Mama. Mama akashuka kuuleta mwenyewe.

Maji yalianza kuja alasiri. Yaliingia kwanza kimya kimya baina ya mizizi, yakiinua vijiti na povu, kisha yakawa yanatembea. Mama zangu walikuwa kwenye tuta wakiziba kwa mikono, wakiziba huku, kule kunafunguka. Mimi niliteremka upande wa chini kuyapokea. Yalinifika magotini, kiunoni. Mwani wa kila kabila ulikuwa unaelea umechanganyika, wa kijani na wa kahawia na mwekundu, wote umekumbatiana, na hilo likanitia wasiwasi. Nikaita, “Baba.” Nikaita tena kwa nguvu.

Mama Mdogo ndiye aliyekuja. Alishuka ndani ya maji na nguo zake, akanishika chini ya makwapa.

“Unamwita nani?”

“Baba. Mama alisema maji yatarudi.”

Maji yalikuwa yanampiga mgongoni na mimi nikaona kidevu chake kinatetemeka, nikadhani ni baridi.

“Haya ni ya mwezi, mwanangu,” akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. “Baba yako hayumo.”

“Yumo wapi?”

“Mchangani. Mjomba wako ameliona kaburi.”

Akaniweka kiunoni, mkubwa nilivyokuwa, akapanda nami. Huko juu Mama alikuwa amekaa. Tuta lilikuwa bado limesimama, limejengwa vizuri, lakini maji yalikuwa yamepita juu yake, na dimbwi lilikuwa limejaa tele kupita siku zote. Mama alichovya kidole akakilamba. Akatema chumvi. Upepo ulifunika sauti yangu; nililia usiku kucha na hakuna aliyeninyamazisha. Nadhani waliniachia nilie kwa niaba yao.

Ule mwani wenye harufu ya saumu haukuvumilia chumvi. Ulipauka, ukalala, ukaanza kunuka uozo. Tulikuwa na mtungi mmoja na nusu wa maji tuliyochota kabla. Mjomba alikuja akakuta tumekwishaanza kumpimia Zena kwa kifuu, na maziwa ya mama yake yamekatika. Mlio mwembamba ulikuwa umerudi, halafu ukaacha, na kuacha kwake kulitutisha zaidi. Mjomba akasema maji yako mahali pamoja tu, kisimani Salale. Mama akauliza, “Wanaua wanawake?” Mjomba akasema, “Wengine wamejisalimisha, wakapewa kazi. Wengine sijui.” Mama Mdogo alikuwa amekwisha kuingia mtumbwini.

Tuliingia Salale mchana, mikono juu, isipokuwa Mama Mdogo aliyembeba Zena. Kisimani palikuwa na askari mmoja amekaa juu ya gogo, mtu mweusi kama sisi, nguo ya kahawia, vifungo viwili vimekatika. Alionekana amechoka pengine kuliko sisi. Aliinuka na bunduki yake.

“Mnataka nini?”

“Maji,” Mama akasema.

Nyinyi mnakumbuka neno lile lilikuwa neno gani. Kulitamka tu mbele ya askari kulikuwa kunanyonga watu. Mabomani walikuwa wanatundikwa waliokutwa nalo mdomoni. Bunduki ikapanda mpaka kifuani kwa Mama. Mama mwenyewe ndipo alipojisikia alichosema, na mdomo wake ukabaki wazi, neno jingine halikuja. Kuna neno gani jingine? Nilimwona Mjomba amefumba macho.

Mama Mdogo akamsogeza mke mwenzake nyuma kwa bega, akasimama pale alipokuwa Mama. Akamtoa Zena kifuani, akamnyoosha mbele, kichwa kinalegalega.

“Ya kunywa, bwana,” akasema. “Ya kunywa tu. Sisi hatuna maji mengine.”

Askari alimtazama mtoto. Akatazama miguu yetu, tope limekauka mpaka mapajani. Halafu akashusha bunduki, akaisukuma ndoo kwa mguu ikaja upande wetu, akakaa tena kwenye gogo lake.

Zena alinyweshwa kwanza, tone kwa tone, kwa ncha ya kaniki. Alipomeza mara ya tatu Mama Mdogo aliketi pale pale chini. Kisha Mama akanisogezea ndoo. Nilichungulia kabla ya kuinama. Nilitafuta rangi, nilitafuta nyuzi, nilitafuta utando. Hamkuwa na kitu. Nikanywa. Yalikuwa maji tu.